Jicho la Kununua Halimjui Jirani

Ndugu msomaji, juma hili nimekusudia kuzungumza nawe juu ya kamera za ulinzi wa nyumbani. Zamani vyombo hivi vilikuwa mali ya mabenki na balozi za nchi za nje. Leo vinauzwa Kariakoo kando ya pasi na feni, na mfanyakazi wa mshahara wa kawaida aweza kununua kimoja akakipachika mwenyewe siku ya mapumziko kama hii ya leo. Lakini kabla sijakupa shauri lolote, yanipasa kwanza kuungama kosa langu, kwani lilinifundisha zaidi ya yale niliyoyasoma.

Mwaka juzi nilinunua kamera mbili ndogo zinazotumia Wi-Fi. Sikuuliza mengi. Muuzaji aliniambia kuwa picha zake ni safi kabisa, nami nikaridhika na neno hilo, kama mtu anunuaye tikiti maji kwa kuligonga kwa kidole. Nilifika nyumbani nikapigilia moja mbele, na ya pili nyuma, juu kabisa chini ya bati, ikiuangalia uwanja mzima hadi ukutani. Nikaiona picha katika simu, nikawaonyesha watoto, nao wakaanza kuipungia kamera mikono. Usiku ule nililala nikiamini kuwa nimekwisha kuilinda nyumba yangu.

Haikupita miezi mitatu. Jumamosi moja tulikwenda harusini, tukarejea saa sita za usiku, tukaingia kulala moja kwa moja. Asubuhi mtungi wa gesi haukuwapo kwenye kibaraza cha nyuma, wala baiskeli ya mtoto. Nikaikimbilia simu. Naam, mwizi alikuwamo ndani ya picha: mtu mwenye kofia, aliruka ukuta, akauchukua mtungi begani, kisha akarudi mara ya pili kuifuata baiskeli. Pembeni mwa picha palikuwa na saa inayosomeka 02:10, yaani saa nane na dakika kumi usiku.

Uso haukuonekana. Palipostahili kuwa uso palikuwa na doa jeupe tu. Na hapa ndipo nilipojifunza kwamba doa lisilo na uso ni la hatari kuliko giza, kwa sababu kila mtu hulipa uso aliokuwa nao tayari moyoni mwake. Mmoja wetu nyumbani akasema, “Mwendo huo si wa yule kijana wa bodaboda?” Jirani mmoja akaitambua kofia. Mama mwingine akakumbuka kuwa aliisikia pikipiki ya kijana huyo ikiingia mtaani saa nane za usiku. Ilipofika alasiri, watu wote walikuwa na hakika, na mimi nikiwa mbele yao. Kijana alipoulizwa hakukana kwamba alirudi saa hiyo. Alisema alikuwa akitoka hospitali, alikompeleka mkewe kujifungua. Ni nani angemsadiki?

Tulimpeleka kwa mjumbe wetu, mama mtu mzima ambaye mtaa mzima humwita Bibi. Aliishika simu yangu mbali na macho, kama washikavyo watu wa umri wake, akaitazama ile picha mara mbili. Hakujishughulisha na mtu mwenye kofia. Alitazama kona ya juu, ng’ambo ya ukuta, ambako mwanga ulikuwa ukicheza.

“Mwanangu,” aliniambia, “ule si moto wa jiko la chipsi la pale kona?”

Nikajibu kuwa ndio.

“Tangu lini pale wanakaanga chipsi saa nane za usiku?”

Hapakuwa na aliyejibu. Kila mtu pale alijua kuwa muuza chipsi yule hufunga saa tano. Bibi akaniamuru nifungue picha ya wakati ule ule tuliokuwa nao, tukailinganisha na saa yake ya ukutani. Ukutani ilikuwa saa kumi na moja kamili za jioni. Kamera ilisoma 22:00, yaani saa nne za usiku. Ilikuwa imetangulia kwa saa tano, kwani ilikuja na majira ya China ilikotengenezwa, nami sikupata kuirekebisha. Mwizi aliingia saa tatu na dakika kumi usiku, sisi tungali harusini. Saa hiyo kijana wa watu alikuwa hospitalini na mkewe, na jina lake limo katika daftari la getini.

Nilimwomba radhi mbele ya watu wale wale ambao mbele yao nilimwaibisha, naye akanipa mkono. Mwizi hajapatikana hata leo.

Tangu siku hiyo, ndugu msomaji, ninapoulizwa ni kamera ipi inayofaa, hujibu kuwa anayenunua kamera ananunua shahidi. Na shahidi tunajua anavyotakiwa kuwa: awe mahali palipotokea jambo, aone vizuri, ajue saa, asilale wakati wa hatari, na asiwe mtangazaji wa siri za nyumba. Tumpime basi kwa mizani hiyo.

ANZA NA SWALI, DUKA BAADAYE

Fikra ya kuweka kamera nyumbani haikutoka kwa tajiri. Ilitoka kwa muuguzi mmoja wa Queens, mjini New York, aitwaye Marie Van Brittan Brown. Yeye na mumewe Albert, aliyekuwa fundi wa elektroniki, walikuwa wafanyakazi wa saa zisizolingana, hata mama huyu akawa mara nyingi peke yake nyumbani, na polisi wa mtaa wao hawakuwa wepesi wa kufika. Tarehe 1 Agosti 1966 walipeleka maombi ya kusajili uvumbuzi wao, na hati namba 3,482,037 ikatolewa tarehe 2 Desemba 1969. Mlango wao ulikuwa na matundu manne ya kuchungulia, kila moja kwa kimo chake, na kamera iliyopanda na kushuka toka tundu hadi tundu. Picha ilionekana katika televisheni chumbani. Palikuwa na kipaza sauti cha kumhoji mgeni, swichi ya kumfungulia mlango kutoka mbali, na swichi nyingine ya kupiga kengele ya kuita msaada.

Angalia jinsi watu hawa walivyofikiri. Walianza na swali moja: ni nani yuko mlangoni pangu? Kisha wakaliongezea la pili: nikiisha kumwona, nifanye nini? Kamera ilikuwa jibu la swali la kwanza tu.

Nawe fanya vivyo hivyo. Jioni moja izunguke nyumba yako na karatasi mkononi. Weka alama mahali ambapo mtu hana budi kupita ili aingie au atoke na mali. Katika nyumba nyingi zetu mahali hapo ni pawili au patatu: geti, mlango wa nyuma, na pengine kichochoro cha upande wa choo au jiko. Hapo ndipo penye kazi. Kamera moja mlangoni yafaa kuliko nne zinazoangalia anga na mapaa ya jirani.

Wala usisahau kwamba jicho halina mkono. Uhakiki mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti 80 za miaka 40 juu ya kamera zilizowekwa mahali pa watu wengi, ulikuta kuwa uhalifu ulipungua kwa asilimia 13 hivi palipokuwa na kamera. Mafanikio makubwa yalikuwa katika viegesho vya magari, na kwa ugomvi na kupigana hayakuonekana. Kupungua huko si haba, lakini si ukuta. Ikiwa komeo la mlango wa nyuma limelegea, au taa ya uwani imekufa tangu mfungo uliopita, fedha za kwanza zipeleke huko.

SHAHIDI AONE USO

Wauzaji hupenda kutaja megapikseli, nasi huitikia kwa kichwa. Jambo lenyewe si gumu. Picha ya kamera ni mkeka uliofumwa kwa nukta. Kamera ya megapikseli 2 ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Ya megapikseli 4 aghalabu ina 2,560 kwa 1,440, na ile iitwayo 4K ina 3,840 kwa 2,160. Mkeka huo hutandazwa juu ya mahali pote panapoonekana. Mahali pakiwa papana, nukta hutawanyika, na uso wa mtu hupata chache.

Kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 62676-4 kimetoa hesabu yake. Ili kujua tu kwamba pana mtu, zatosha nukta 25 kwa kila mita moja ya upana. Ili kumtambua mtu unayemfahamu, zatakiwa 125. Ili kuutambulisha uso wa mtu usiyemjua pasipo shaka, zatakiwa 250. Sasa igawe 1,920 kwa 250: utapata mita 7 na kitu. Huo ndio upana wote ambao kamera ya megapikseli 2 yaweza kuuangalia huku ikiendelea kutambulisha uso.

Hapo lenzi nayo ina neno. Kamera nyingi za nyumbani zina lenzi ya milimita 2.8, ambayo hufungua jicho kwa upana mkubwa. Kwa lenzi hiyo, upana wa mita 7 na kitu hufikiwa mtu akiwa mita 3 tu mbele ya kamera. Lenzi ya milimita 4 husogeza mpaka huo hadi mita 4 na nusu hivi, na ya milimita 6 hadi mita 7 hivi, ingawa kila moja huona eneo jembamba kuliko mwenziwe. Ukuta wangu uko mita 11 kutoka kwenye kamera. Nilipokaa na kalamu, nikakuta mwizi wangu alipata nukta 67 kwa kila mita. Zilitosha kuonyesha kofia na mwendo. Kwa uso hazikutosha, na laiti ningaliijua hesabu hiyo mapema, nisingalithubutu kumtaja mtu.

Hivyo basi, kwa mlango na geti chagua kamera itakayokuwa karibu na mpitaji. Iweke kimo cha mita 2 na nusu hivi, ambapo mkono haufiki kwa urahisi lakini uso ungali waonekana. Ukiiweka juu kabisa chini ya bati, utakusanya picha za kofia na vipara. Uwanja mpana ukitaka kuuangalia, uangalie, ila ujue kuwa hapo umenunua habari kwamba pana mtu, bila kujua ni nani.

Na usiku? Kamera nyingi hutumia taa za infraredi, mwanga usioonekana na macho yetu, na picha huwa nyeusi na nyeupe. Usiamini umbali ulioandikwa kwenye boksi. Ukiipachika kamera ikigusa ukuta au dari, mwanga huo hurudi na kuipofusha. Buibui hupenda kutanda utando mbele ya lenzi, na uzi mmoja wa utando huo usiku hung’aa kama kamba ya katani, kwa hiyo kitambaa laini na ngazi viwe karibu kila mwezi. Ipo njia nyingine ambayo fundi hatakushurutisha kuinunua: balbu ya kawaida juu ya mlango. Mwanga mzuri huboresha picha, tena mwizi haupendi.

Tazama pia tarakimu zinazofuata herufi IP kwenye boksi. Katika IP66, 6 ya kwanza yamaanisha vumbi haliingii kabisa, na 6 ya pili yamaanisha yastahimili maji yanayorushwa kwa nguvu. Kwa kamera ya nje usishuke chini ya hapo ukiweza. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi ya bahari, ambayo hula maungio ya nyaya. Mwambie fundi ayafungie ndani ya kijisanduku cha plastiki, asiyaache yakining’inia ukutani.

SHAHIDI ASILALE

Mitambo hii ni ya namna nne. Ya kwanza ni kamera zenye nyaya zinazopeleka picha kwenye mashine ya kurekodia, ambayo mafundi huiita DVR. Ya pili hufanana nayo, ila hutumia waya wa mtandao wa kompyuta, ambao waweza kubeba picha na umeme pamoja hadi mita 100. Ya tatu ni za Wi-Fi, ambazo hazihitaji waya wa picha lakini zingali zahitaji umeme, na mawimbi yake hudhoofika yanapopita katika kuta nene. Ya nne ni za laini ya simu na sola, zifaazo shambani au kwenye nyumba inayojengwa.

Kama nyumba ni yako na unanuia kukaa, nyaya ni bora, kwani haziyumbi. Kama ni mpangaji, ya Wi-Fi utaing’oa siku ya kuhama, ila mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, na wapangaji wenzio vilevile, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Ama kuhusu kuhifadhi picha, hesabu ni hii. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hutumia gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 86.4. Diski ya terabaiti 1 basi itahifadhi siku 11 hivi, kisha itaanza kufuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Mfumo wa kubana picha uitwao H.265 waweza kuongeza siku hizo takriban maradufu ukilinganishwa na ule wa zamani wa H.264. Tumia diski zilizotengenezwa kwa kazi ya kamera, kwa sababu hii ni kazi isiyo na mapumziko. Memori kadi nazo huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa kila siku. Ikague angalau mara moja kwa mwezi kama bado inaandika, usije ukagundua imekufa siku unayoihitaji.

Hesabu hiyo hiyo yatufundisha jingine. Wapo wanaotaka picha zote zipelekwe mbali kupitia simu wakati wote. Gigabaiti 21.6 kwa siku, kwa kamera moja, ni bando ambalo mfanyakazi hawezi kulimudu. Picha na zihifadhiwe nyumbani, nawe uzitazame kwa simu pale tu panapokuwa na haja. Mashine ya kurekodia, kwa upande wake, ifiche kabatini au darini penye hewa. Mwizi mwenye akili huichukua mashine kwanza, akaondoka na ushahidi wote kwapani.

Kisha lipo suala la umeme. Kamera nne ndogo na mashine yake hula takriban wati 40. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, kama zile ndogo za kengele za hatari, ina wati-saa 84. Kwa karatasi hiyo ni saa mbili, na kwa kweli ni pungufu. Umeme ukikatika kwa saa moja itakuokoa. Ukikatika usiku kucha, utahitaji betri kubwa zaidi, au uamue kamera moja tu, ile ya mlango, ndiyo ibaki macho. Haya yaamue wewe kabla ya kununua, wala usiyaache yaamuliwe na giza.

AJUE SAA, ATUNZE SIRI

Juu ya saa nimekwisha kusema, tena kwa aibu. Siku ya kwanza iweke kamera katika majira ya Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya saa ya dunia ya UTC. Kisha uihakiki kila umeme unaporudi, kwa kuwa mashine nyingine husahau. Mahakama nayo hujali mambo haya. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 yaruhusu ushahidi wa aina hii, lakini yataka kupimwa jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, na kama haukuchezewa. Ukipatwa na jambo, usikate wala kuipamba picha. Nakili kipande kizima, kitunze, na mpelekee polisi kama kilivyo. Tena usikirushe katika makundi ya simu na jina la mtu juu yake.

Na sasa neno la siri. Kamera hutoka kiwandani na neno la siri ambalo kila mwenye kamera ya aina hiyo analijua. Mwaka 2016 programu ya wahalifu iitwayo Mirai ilipita katika mtandao wa dunia ikijaribu maneno hayo ya kiwandani, ikatwaa kamera na mashine za kurekodia kwa maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vyombo hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifunguki. Wenye kamera hizo walikuwa majumbani mwao, wasijue kuwa macho waliyoyanunua yanamtumikia bwana mwingine. Badilisha neno la siri siku ile ile, mbele ya fundi, kisha ulibadilishe tena fundi akiisha kuondoka. Na chagua kamera ya mtengenezaji ambaye bado hutoa masahihisho ya programu zake. Ile rahisi isiyo na jina haina wa kuiponya ikiugua.

NANI ANAYETAZAMWA?

Nimefika penye neno zito kuliko yote, ambalo sikupata kusikia muuzaji akilitaja. Kamera yako itamtazama mwizi dakika tano kwa mwaka, pengine isimtazame kamwe. Siku zote zilizobaki itawatazama watu wako: watoto, mgeni, jirani anayefungua mlango wake mkabala nawe, na binti anayekusaidia kazi za nyumbani.

Katika nyumba zetu za vyumba sita na uwanja mmoja, uwani ndipo tunapopika, tunapofua, na tunapopita na khanga kifuani kwenda bafuni. Kamera ya mpangaji mmoja huko ni dirisha lililotobolewa katika vyumba vya wote. Isiwekwe bila wote kukaa na kukubaliana inaangalia wapi na nani anazo picha zake. Chumbani na bafuni isiwekwe kwa hali yoyote.

Binti wa kazi naye ni mfanyakazi. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, wasema katika kifungu cha 6 kuwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri apewe mahali pa heshima panapolinda faragha yake. Ukitaka kuweka kamera sebuleni kwa ajili ya mtoto mchanga, mwambie, mwonyeshe ilipo, na mweleze kwa nini. Wengine huificha ndani ya saa ya ukutani kwa kuogopa wizi wa sukari. Siku binti akiigundua, na ataigundua kwani ndiye anayepangusa vumbi, utakuwa umepoteza kitu ambacho hakiuzwi Kariakoo.

Sheria nazo zimekwisha kuamka. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wenzetu wa Kenya wanayo ya kwao tangu mwaka 2019. Huko Ulaya raia mmoja wa Jamhuri ya Czech alivunjiwa dirisha kwa manati usiku mmoja wa Oktoba 2007. Kamera yake, iliyokuwa ikiangalia mlango wake, njia ya watu wote na mlango wa nyumba ya mbele, ilisaidia kuwapata washukiwa wawili. Hata hivyo kesi ikaenda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo tarehe 11 Desemba 2014 ikaamua kuwa kamera inayofika hadi njia ya umma si jambo la ndani ya nyumba peke yake, na mwenye nayo hufungwa na sheria ya taarifa za watu, ingawa haja yake ya kulinda mali na familia nayo yafaa kupimwa. Busara yake ni ile ile ya uwani kwetu: elekeza jicho lako kwako.

Ndugu msomaji, utataka kujua mimi nilifanyaje. Kamera ya nyuma niliishusha, nikaiweka kando ya mlango, ikiangalia hatua tatu za kibaraza basi. Ya mbele niligundua ilikuwa ikiona mlango wa jirani zaidi ya geti langu, nikaigeuza. Nilinunua balbu mbili na komeo jipya. Na nyuma ya mlango nimebandika karatasi yenye namba za simu za majirani watano, ambayo ndiyo swichi yangu ya kuita msaada, kama ile ya mama Brown.

Yule kijana wa bodaboda namba yake ni ya pili katika karatasi hiyo. Aliniandikia mwenyewe kwa mkono wake, bila kuombwa mara mbili. Mwanawe sasa anatembea. Lakini baba mtu apitapo mbele ya nyumba yangu, bado huinua macho kwanza kwenye kamera, ndipo anisalimu. Lenzi niliibadilisha, saa niliirekebisha, hilo sijaweza kulitengeneza.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.